Msuli wa mgongo haukuuokoa moyo, kidonge cha zahanati kinaweza

Mkulima wa kijiji cha Hanga, wilayani Namtumbo, anapoinua jembe na kulishusha ardhini, sehemu kubwa ya nguvu ya kulivuta jembe hilo chini hutoka kwenye msuli mmoja mpana unaoanzia kiunoni na kwenye uti wa mgongo, ukapanda ubavuni na kujishikiza kwenye mfupa wa mkono karibu na kwapa. Hakuna msuli mwingine wa mgongo unaoufikia kwa upana. Januari 1985, jijini Paris, madaktari Alain Carpentier na Juan Carlos Chachques waliuchukua msuli huo kwa mwanamke aliyekuwa na uvimbe mkubwa kwenye moyo. Walipouondoa uvimbe waliutumia msuli kujazia pengo lililobaki, kisha wakauunganisha na betri ya kuushtua ili ujikunje pamoja na moyo. Mgonjwa alipona. Kwa miaka kumi na zaidi iliyofuata, wagonjwa zaidi ya elfu moja walifanyiwa upasuaji wa aina hiyo katika mabara kadhaa, wengi wao wakiwa watu ambao moyo umetanuka na kushindwa kusukuma damu. Leo haufanyiki karibu popote. Ninaandika juu yake kwa sababu jinsi ulivyosifiwa na jinsi ulivyoachwa inatuhusu sisi wa mkoa wa Ruvuma moja kwa moja. Wagonjwa wa moyo tunao katika kila kijiji, na wengi wetu tumeshaamini kwamba tiba yao iko kwenye chumba cha upasuaji Dar es Salaam. Ushahidi wa miaka arobaini unaonyesha kwamba kwa wengi wao tiba ilipaswa kupatikana zahanati, miaka mingi kabla moyo haujatanuka.

Moyo uliochoka hauzimiki ghafla kwa wagonjwa wote. Kwa wengi hupungukiwa nguvu polepole. Maji hujaa mapafuni na miguuni, mgonjwa huamka usiku akihema, huomba mto wa pili, kisha wa tatu, na mwishowe hulala amekaa. Mwaka 1985 madaktari hawakuwa na mengi ya kumpa mtu aliyefikia hapo. Christiaan Barnard alikuwa amepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu huko Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, lakini mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18 tu. Hata baada ya dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni kuboreka katika miaka ya 1980, mioyo ya kupandikiza ilibaki haba, maana kila mmoja lazima utoke kwa mtu aliyekufa ghafla akiwa na moyo mzima. Msuli wa mgongo ulionekana kuyamaliza matatizo yote mawili kwa mpigo. Ni mali ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mwili hauukatai, wala hakuna foleni ya kungoja msiba wa mwingine. Ni hoja nzuri, na waliouamini upasuaji huu hawastahili kudharauliwa. Walikuwa wanamtafutia njia mtu ambaye hakuwa na njia.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Daktari alichana ngozi kuanzia kwapani kushuka ubavuni, akaubandua msuli kutoka kiunoni, kwenye mbavu na kwenye uti wa mgongo, akiacha salama mshipa wa fahamu unaouamrisha na mishipa ya damu inayoulisha, ambayo yote hupitia kwapani. Aliondoa kipande cha ubavu mmoja wa juu ili kupata dirisha, akaupitisha msuli hapo mpaka ndani ya kifua. Kisha alifungua kifua kwa mbele na kuuzungushia moyo msuli huo, ukaushika kama kitenge kinavyomshika mtoto aliyebebwa mgongoni. Nyaya zilipandikizwa ndani ya msuli karibu na mshipa wake wa fahamu, waya mwingine ukawekwa kwenye moyo ili kusikiliza mapigo, na betri ikazikwa chini ya ngozi ya tumbo. Baada ya yote hayo, betri haikuwashwa. Msuli uliachwa wiki mbili hivi upone na ushikamane na moyo, na ndipo ulipoanza kufundishwa kazi mpya.

Kufundishwa huko ndiko kulikobeba siri ya upasuaji wote, na udhaifu wake pia. Msuli wa mkono au wa mgongo huchoka. Hata mkulima hodari hupumzika mwisho wa tuta. Moyo hupiga mara laki moja hivi kwa siku na hauna mapumziko ya kujilaza kivulini. Mwanasayansi wa Uingereza, Stanley Salmons, alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1970 kwamba msuli wa kawaida ukishtuliwa kwa umeme mdogo mfululizo kwa wiki kadhaa hubadilika tabia. Nyuzi zake za kasi hugeuka kuwa nyuzi za polepole, zinazovumilia bila kuchoka. Bila ugunduzi huo, msuli uliozungushiwa moyo ungelegea ndani ya dakika chache. Kwa hiyo wagonjwa waliongezewa mishtuko hatua kwa hatua kwa takriban miezi miwili, mpaka msuli ukaweza kusaidia, mara nyingi kwa pigo moja kati ya mawili. Lakini mabadiliko hayo yalikuwa na gharama. Msuli uliokuwa mvumilivu ulikuwa pia umepungua unene, nguvu na kasi, na kwa baadhi ya wagonjwa uligeuka kwa miaka kuwa mafuta na kovu. Na lipo jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lililoamua kesi. Mgonjwa aliyekuwa hoi, aliyeuhitaji msuli kuliko wote, hakuweza kuistahimili ile miezi ya kungoja, na wengi wa aina hiyo walikufa mapema. Aliyekuwa na nafuu ya kutosha kungoja alikuwa pia na nafuu ya kutosha kusaidiwa kwa njia nyingine.

Matokeo yalipopimwa vizuri, picha ilikuwa hii. Utafiti wa vituo kadhaa uliochapishwa mwaka 1996 ulifuatilia wagonjwa 68 waliofanyiwa upasuaji. Asilimia 12 walifariki hospitalini. Waliotoka walisema wanajisikia vizuri zaidi, waliweza kufanya shughuli ndogo ndogo za nyumbani, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini nguvu ya moyo kusukuma damu ilipanda kidogo mno, na hawakuonekana kuishi muda mrefu kuliko wagonjwa wenzao ambao hawakupasuliwa. Jaribio kubwa la kuwagawa wagonjwa kwa kura, hawa wapasuliwe na wale wabaki na dawa, lilianzishwa Amerika Kaskazini ili kumaliza ubishi, likasitishwa mwaka 1998 kabla ya kupata watu wa kutosha. Baadhi ya watafiti walihisi kwamba faida iliyoonekana haikutokana na msuli kusukuma damu, ilitokana na moyo kuzuiwa usizidi kutanuka, wakajaribu kuuzungushia wavu wa kitambaa. Nao haukuenea. Mwezi Juni 2000, tena Paris, Philippe Menasché alichukua seli za msuli wa paja la mgonjwa, akazikuza maabara na kuzidunga kwenye kovu la moyo. Jaribio lililofuata, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2008, halikuonyesha moyo kupata nguvu kama ilivyotarajiwa.

Sasa tazama kilichokuwa kikitokea katika miaka hiyohiyo, pasipo kisu. Mwaka 1987, miaka miwili tu baada ya upasuaji wa Paris, watafiti wa nchi za Skandinavia walichapisha matokeo ya kidonge kiitwacho enalapril kwa wagonjwa 253 ambao moyo wao ulikuwa umechoka kupita kiasi. Baada ya miezi sita, kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa wamekufa asilimia 44, na kati ya waliopewa enalapril asilimia 26. Mwaka 1999 ilithibitika kwamba spironolakitoni, dawa ya zamani ya kutoa maji mwilini, inapunguza vifo vya wagonjwa wa aina hiyo kwa asilimia 30. Mwaka huohuo utafiti wa watu 3,991 ulionyesha kwamba metoprololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, inapunguza vifo kwa asilimia 34. Vidonge vya namna hii vilichangia kuuangusha upasuaji wa msuli. Kila mwaka uliopita, mgonjwa aliyebaki na dawa peke yake alikuwa na hali bora kuliko wa mwaka uliotangulia, mpaka ikawa vigumu kwa daktari mwaminifu kumshauri mtu achanwe mgongo na kifua kwa faida isiyothibitika. Na dawa zote tatu leo hutengenezwa na viwanda vingi duniani, haki miliki zake zilishakwisha, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia, tena kwa takwimu zake yenyewe. Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia, katika hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, watu wazima 427 wenye moyo uliochoka na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Asilimia 45 walifikishwa hapo na shinikizo la juu la damu, asilimia 28 na magonjwa ya misuli ya moyo yenyewe, asilimia 12 na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, na asilimia 9 tu na kuziba kwa mishipa ya damu ya moyo, ugonjwa ambao katika nchi tajiri ndio unaoongoza. Vifo vilikuwa takriban 22 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Utafiti mwingine wa nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulitoka mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 1,006 na kusema karibu yaleyale: wastani wa miaka 52, na presha ikiwa chanzo cha asilimia 45. Ulaya na Marekani wagonjwa wa namna hii kwa kawaida wameshavuka miaka 70. Wetu ni baba anayesomesha, mama anayelima, watu wenye wazazi walio hai na watoto wasiojitegemea. Na karibu nusu yao waliharibiwa moyo na ugonjwa unaopimwa kwa dakika tatu na kutibiwa kwa kidonge cha kila siku.

Presha haiumi, na hilo ndilo linaloifanya iwe mbaya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri kati ya miaka 25 na 64 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Mtu wa Namtumbo anaweza kulima mahindi na tumbaku misimu kumi akiwa na presha ya 180 bila kulalamika lolote zaidi ya kichwa kuuma jioni. Katika miaka hiyo moyo wake unasukuma damu dhidi ya ukuta mzito, unanenepa, kisha unalegea na kutanuka. Anapoanza kuvimba miguu anaambiwa ni figo, au ni minyoo, au amerogwa, na miezi inapita. Akifika hospitali ya rufaa Songea, au Peramiho ambako Wabenedikto wamekuwa wakihudumia watu tangu mwaka 1898, moyo umeshatanuka. Kutoka hapo anaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam: safari ya karibu kilometa 1,000 kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, akiwa amekaa kwenye kiti cha basi usiku kucha na miguu imevimba, pamoja na ndugu wa kumsindikiza, ambaye naye lazima ale na apate pa kulala. Familia huuza mahindi ya akiba, wakati mwingine na shamba. Na mwisho wa yote, kama moyo umeharibiwa na presha, atakachopewa huko kwa kiasi kikubwa ni vidonge vilevile ambavyo angevianza Hanga miaka kumi nyuma.

Hoja ya kwanza ya kunipinga ni nzito, na nimeifikiria sana. Mtu atasema: msuli hauhitaji mtoaji, hauhitaji dawa ghali za kuuzuia mwili usiukatae, kwa hiyo ungetufaa sisi kuliko matajiri, na pengine uliachwa kwa sababu tu nchi tajiri zilipata mashine za kuusaidia moyo. Ni kweli kwamba nchi zisizo tajiri ziliutazama kwa matumaini. Huko São Paulo, Brazil, timu iliyokuwa na Adib Jatene, Noedir Stolf na Luiz Felipe Moreira ilikuwa miongoni mwa zilizoufanya mapema na kwa bidii, na baadhi ya wagonjwa wa Brazil walikuwa maskini wenye ugonjwa wa Chagas, ambao husambazwa na mdudu wa nyumba za udongo na kuuharibu moyo. Kama upasuaji huu ungekuwa jibu la nchi kama yetu, Brazil wangekuwa wanauendeleza mpaka leo, maana mikono na utaalamu wanao. Hawakuendelea nao. Na hesabu ya gharama inadanganya ukiitazama kwa haraka. Msuli ni bure, lakini betri na nyaya si bure, na betri huisha na kuhitaji kubadilishwa kwa upasuaji. Kuna chumba cha wagonjwa mahututi, kuna mtaalamu wa usingizi, kuna miezi ya kurudi kila wiki kuongezewa mishtuko. Mgonjwa wa Hanga angelazimika kuhamia Dar es Salaam. Na angerudi shambani akiwa amepungukiwa na ule msuli wa kulivuta jembe.

Hoja ya pili ina uchungu ndani yake. Inasema: kila mara Mwafrika anaambiwa atosheke na kidonge, visu na mashine ni vya wengine. Ningekuwa nasema hivyo, ningestahili kupingwa. Tanzania ilianza upasuaji wa kufungua moyo Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo wanazibwa na watu wenye valvu zilizoharibika wanabadilishiwa, kazi iliyokuwa ikiwapeleka India. Nataka taasisi hiyo ikue. Ninachosema ni kwamba kisu kina mahali pake, na mahali hapo tumeshapajua: tundu, valvu, mshipa ulioziba. Carpentier mwenyewe, yule wa msuli, jina lake litabaki zaidi kwa kazi ya kutengeneza valvu na kubuni valvu za tishu za wanyama kuliko kwa msuli wa mgongo. Na alipokwenda kuisaidia nchi maskini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alishiriki kuanzisha taasisi ya moyo katika jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam, ambako kazi kubwa ilikuwa watoto na valvu. Misuli ya moyo iliyotanuka kwa presha ya miaka kumi na mitano haina mahali pa kushonwa.

Hata kwenye valvu, jibu bora liko kijijini. Valvu nyingi zinazobadilishwa Dar es Salaam ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na mafindofindo ya mtoto wa shule ambaye hakutibiwa. Wanasayansi wa Uganda, wakiwemo Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na mwenzake Andrea Beaton kutoka Marekani, walifanya utafiti wao Gulu, eneo la wakulima kama letu. Waliwapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti watoto wa miaka 5 hadi 17, wakawaingiza kwenye utafiti 818 wenye dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huo ambao hawakuwa na habari kwamba wanaumwa. Nusu walidungwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki nne, nusu hawakudungwa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa na kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Dawa iliyotumika ina umri mkubwa kuliko Tanganyika huru, na muuguzi yeyote wa kituo cha afya anajua kuichoma. Ushahidi huu umetoka Afrika Mashariki, kwa watoto wa Afrika Mashariki, na sijui sababu ya msingi ya kuuacha kwenye makaratasi.

Hoja ya tatu inatoka kwa watu wa afya wenyewe. Wanasema vidonge vinajulikana, lakini watu hawavimezi: akipata nafuu anaacha, akienda kuombewa anaacha, akiambiwa na jirani kuhusu mizizi fulani anaacha, na zahanati haina mtu wa kumfuatilia. Hayo yote yapo. Lakini tumeshawahi kuambiwa hivyohivyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 walikuwepo wataalamu wakubwa duniani waliodai kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kila siku maisha yake yote. Leo kliniki za tiba na matunzo ziko mpaka vijijini, kila mgonjwa ana kadi na namba, asiporudi kuchukua dawa anapigiwa simu au anafuatwa nyumbani, na anapewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja ili asipoteze siku ya shamba. Utafiti wa vituo vya afya vya kaskazini magharibi mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta tofauti ya kusikitisha: vituo vilikuwa vimejiandaa vizuri zaidi kwa VVU kuliko kwa presha na kisukari, na zahanati ndizo zilizokuwa nyuma kuliko zote. Jengo ni lilelile, muuguzi ni yuleyule. Kinachokosekana ni daftari, kadi, shehena ya dawa isiyokatika, na mtu aliyepewa jukumu la kuuliza nani hakurudi mwezi huu.

Na serikali yetu inajua kuandikisha watu inapotaka. Wakulima wa mkoa huu wameandikishwa kijiji kwa kijiji kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, kila mmoja na namba yake. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji walifanya kazi hiyo, kwa kasoro zake, lakini ilifanyika. Orodha ya watu wazima wa kijiji kimoja waliopimwa presha ni ndogo kuliko orodha ya mashamba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangeweza kuianza kwa kipimo cha betri na kalamu. Wamonaki wa Hanga na Peramiho, pamoja na misikiti na makanisa ya wilaya ya Namtumbo, wana kitu ambacho wizara haina, yaani watu wanaokusanyika kila wiki mahali pamoja na kuwasikiliza viongozi wao. Dakika tatu za kupimwa baada ya ibada, mara mbili kwa mwaka, zingefichua presha nyingi kuliko kampeni ya siku moja yenye mabango na fulana.

Kwa aliyeshachelewa, ambaye moyo umetanuka tayari, msuli bado una kazi, ila pasipo kuchanwa. Zamani mgonjwa wa aina hii aliamriwa kulala kitandani wiki nyingi, na ndugu wengi mpaka sasa humkataza hata kuchota maji ya kuoga. Tangu miaka ya 1990 tafiti zimeonyesha kinyume: mgonjwa aliyetolewa maji mwilini na kutulizwa kwa dawa hufaidika akitembea kila siku kwa kipimo. Jaribio kubwa la mwaka 2009 lililokuwa na wagonjwa 2,331 lilionyesha kwamba mazoezi ni salama kwao na yanawapa unafuu wa maisha, ingawa faida katika kupunguza vifo ilikuwa ndogo. Sehemu kubwa ya unafuu huo hutokea miguuni. Msuli wa paja uliozoezwa hutumia vizuri zaidi hewa inayoletwa na damu kidogo, na moyo unapunguziwa mzigo. Hii haina maana ya kumrudisha mgonjwa shambani kulima matuta saa sita mchana. Ni kutembea bondeni, kwenye njia tambarare asubuhi, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzake, na kupumzika pumzi zikibana. Kwa kijiji ambacho kila mtu anatembea, ni ushauri unaotekelezeka leo hii, na daktari anayemruhusu mgonjwa atoke wodini angepaswa kuuandika kwenye kadi pamoja na majina ya dawa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha mwanachama wa kawaida kikilipa kitanda cha hospitali ya rufaa na kisilipe kidonge cha presha cha kila mwezi katika zahanati, tutakuwa tumelipia mwisho wa ugonjwa na kuuacha mwanzo wake. Kwa hiyo nawaomba madiwani wa halmashauri za Namtumbo na Songea, bajeti ya afya itakapoletwa mbele yenu, mumuulize mganga mkuu maswali matatu na msikubali kujibiwa kwa ujumla. Ni zahanati ngapi zenye kipimo cha presha kinachofanya kazi? Ni miezi mingapi mwaka jana ambapo dawa za presha ziliisha katika kila zahanati? Ni watu wangapi walioandikishwa kuwa na presha hawajarudi kuchukua dawa kwa miezi mitatu, na nani amekwenda kuwatafuta? Na wewe msomaji uliyevuka miaka thelathini na tano, uwe Hanga, Lusewa au Songea mjini, nenda ukapimwe presha wiki hii, na ukianzishiwa dawa usiiache bila kuambiwa na aliyekuandikia.